Majina Mawili kwa Pumzi Moja

Kolwezi, 4 Februari 2024

Mdogo wangu Stéphanie,

Nakusalimu kwa niaba ya nyumba nzima. Mke wangu Mbelu anakusalimu pia, ingawa bado ana kinyongo nawe kwa kuondoka na sufuria yake nzuri. Mvua haijatupumzisha tangu Krismasi. Barabara ya Mashamba imekuwa uji, malori yanakwama, na mimi kazini kwenye mizani nashinda nikisubiri malori yasiyofika. Afya ipo. Mama anakula.

Barua hii anakuletea Masudi, yule dereva wa karibu na msikiti anayebeba shaba hadi huko kwenu Johannesburg. Ikinuka mazuti, mafuta ya lori, usinilaumu. Utasema mbona hatupigiani simu kama watu wa leo. Unajua sababu. Mara ya mwisho Mama alininyang'anya simu akakuuliza, "Kabanga eko kwako?" Wewe ukakata. Tangu siku ile jina lako likiita natoka nje, na sasa hata wewe umeacha kuita.

Basi nakuandikia jambo lenyewe. Imetimia miezi mitatu tangu ardhi imfunike Kabanga, pacha wangu, shimoni mgodini. Mwili haukutoka, hatukuzika kitu. Na Mama kichwa chake kimeanza kuvuja, daktari wa hapa anasema ni ubongo unazeeka. Kila asubuhi anasimama mlangoni anaita "Mbuyi-Kabanga!" kwa pumzi moja, kama alivyotuita tangu utotoni. Unajua Mama hajawahi kuniita Polycarpe. Kwake hilo ni jina la padri na la kazini. Kwake mimi ni Mbuyi, wa kwanza, na Kabanga ni wa pili, na kumtaja pacha mmoja bila mwenzake ni kutafuta ugomvi.

Ninaitika peke yangu. Ananiangalia, anauliza, "Na mwenzako?" Ninamwambia. Anaanguka chini, analia kama mtu aliyepata habari sasa hivi, kwa sababu kweli ameipata sasa hivi. Saa sita mchana amesahau. Kesho yake anasimama tena mlangoni. Stéphanie, nimemuua ndugu yangu mbele ya mama yangu mara tisini. Sina nguvu ya mara ya mia.

Wewe unasoma mambo ya ubongo. Niambie kwa maneno ya mtu wa mizani: kitu kinatokaje kichwani? Na kuna namna ya kukisaidia kitoke?

Ni mimi kaka yako mkubwa, yaya wako,
Polycarpe


Johannesburg, 25 Februari 2024

Yaya Polycarpe,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa Mbelu. Mwambie sufuria yake inaishi vizuri, inapika sombe ya majani ya muhogo kila Jumamosi, na Tania ninayekaa naye chumba kimoja anailamba. Huku joto ni kali. Nimekonda kidogo, usimwambie Mama.

Umeniuliza swali ambalo hata maprofesa wangu wanagombana juu yake, lakini nitajaribu. Kichwani kuna seli za neva, nyuroni, zinazopelekeana habari. Hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna mwanya mdogo sana, na habari inavuka hapo. Tunachokumbuka kinakaa kwenye makutano hayo. Sasa, kuyazunguka makutano kuna seli za aina nyingine zinazoitwa glia. Wataalamu wa zamani walizidharau, wakazipa jina la gundi, wakidhani kazi yake ni kushikilia tu. Walikosea sana. Kuna zenye umbo la nyota: zinayakumbatia makutano, zinayalisha, na zinaweza kuzichochea nyuroni mbili ziungane. Kuna zinazovalisha nyaya za nyuroni ili habari iende mbio. Na kuna ndogo ndogo zenye mikono, mikroglia, ambazo mimi naziita wafagiaji. Hizo ndizo ninazozisoma.

Wafagiaji hawapumziki, yaya. Wanapita kichwa chote wakipapasa makutano, moja baada ya jingine. Yanayotumika sana huachwa. Yasiyotumika huwekewa alama, na mfagiaji akikuta alama anayala. Kwa mtoto ni kazi njema, bila hiyo asingejifunza kitu. Kwa mzee anayesahau tunadhani wafagiaji wamepitiliza, wanakula hata yaliyo mazima.

Kwa hiyo, kwa maneno ya mtu wa mizani: njia isiyopitwa hufagiwa. Lakini mimi nasoma panya, sisomi Mama. Mpe chakula kizuri, mwimbie, mtembeze.

Nimechelewa, panya wananingoja. Ubaki salama.

Mdogo wako,
Stéphanie


Kolwezi, 2 Machi 2024

Mdogo wangu,

Masudi hajarudi, watu wanasema malori yamepanga foleni mpakani Kasumbalesa hadi nje ya mji. Sijapata jibu lako, lakini naandika kwa sababu kuna jambo limeniondolea usingizi. Sisi wengine wazima. Mbelu amepata mafua, anapiga chafya hadi kuku wanashtuka.

Jumanne nilirudi nyumbani saa saba mchana. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua, uwanja wote tope. Mama alikuwa amekaa barazani ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anayesikiliza redio ya jirani. Nikamuuliza anasikiliza nini. Akaniambia, "Banafagia."

Nikamwambia hakuna mtu anayefagia tope. Mbelu alikuwa amelala, jirani wote kimya.

"Hapana ku kiwanja," akasema. "Mu nyumba ya ndani. Banafagia polepole." Akagusa kichwa chake juu ya sikio. Kisha akasema neno ambalo ninalisikia mpaka sasa: "Habafagie buchafu. Banachagula."

Nilicheka, maana nilikuwa naogopa kuuliza wanachagua nini. Anawasikia kila siku saa zile zile. Akiwasikia hunyamaza na kuhesabu kwa vidole, sijui anahesabu nini, na wakimaliza huangalia vitu vya nyumbani kimoja kimoja kama mtu aliyerudi kwake akakuta mlango wazi.

19 Machi. Barua hii ilikuwa bado mfukoni Masudi aliponiletea yako. Nimeisoma nimesimama barabarani. Nilipofika kwenye neno wafagiaji nilikaa chini. Uliandika tarehe 25, Mama alisema Jumanne ya tarehe 27, na barua yako wakati huo ilikuwa ndani ya lori mpakani. Hilo neno ulimwambia nani hapa Kolwezi?

Jambo la pili. Umeandika kurasa tatu na jina la Kabanga halimo hata mara moja. Mwanzoni nilikasirika. Halafu nikaona labda wewe mwenye elimu umenionyesha njia. Isiyopitwa hufagiwa. Nimeelewa, nitafanya.

Niambie kitu kimoja tu: kilichofagiwa kinaweza kurudi?

Polycarpe


Johannesburg, 7 Aprili 2024

Yaya wangu mpendwa,

Heri ya Pasaka iliyopita. Tania alinipeleka kanisani kwao, wakaimba saa tatu, miguu bado inauma. Mafua ya Mbelu yameisha? Mpeni tangawizi.

Neno lile sikumwambia mtu yeyote. Nilianza kulitumia hapa maabara, kwa mzaha, na wenzangu hawajui hata Kolwezi iko wapi. Wazee wengi husikia sauti masikioni, ni mishipa ya damu tu. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Lakini tangu nilipoisoma barua yako sijafurahia kukaa peke yangu na hadubini.

Nikueleze nilichokiona juzi, maana huku hakuna wa kumwambia. Tunaangalia ubongo wa panya aliye hai, kupitia kidirisha kidogo kwenye fuvu. Nilimkodolea macho mfagiaji mmoja asubuhi nzima. Alinyoosha mkono, akapapasa makutano, akaondoka. Akarudi, akapapasa palepale. Mara tano. Mara ya sita alikaa kidogo, na alipoondoka makutano hayakuwepo. Hapakuwa na kovu wala shimo. Ungekuja baadaye ungeapa hapakuwahi kuwa na kitu. Nilikumbuka neno la Mama, banachagula, nikatoka nje kupata hewa.

Umeandika "nitafanya." Utafanya nini, yaya? Mimi nilikueleza panya, sikukupa dawa. Tafadhali niandikie haraka, na usimpe Masudi barua fupi, mpe ndefu.

Mdogo wako anayewawaza,
Stéphanie


Kolwezi, 30 Mei 2024

Mdogo wangu Stéphanie,

Tumshukuru Mungu. Baridi imeingia, vumbi limerudi, Mbelu amepona na sasa ananisema mimi. Kazini wamenipa kiti kipya kwenye mizani, cha magurudumu, nakizunguka kama waziri.

Habari njema ni hii: Mama haulizi tena. Leo ni siku ya ishirini na sita hajasimama mlangoni kuita. Hajaanguka chini. Anakula bukari, ugali wake wote, na kuomba nyongeza.

Nilifanya kama ulivyoeleza. Nilitoa ile picha yetu wawili ukutani, nikapeleka nguo zake kwa mjomba. Nilipita nyumba zote za jirani nikawaomba wasitaje jina lake mbele ya Mama, hata kwa bahati mbaya, hata kwa pole. Lakini jina lake halitembei peke yake, unalijua hilo. Ukisema Mbuyi, ulimi wa Mama unamalizia Kabanga wenyewe. Kwa hiyo nikazuia yote mawili. Mimi sasa ni Polycarpe asubuhi mpaka jioni, hata Mbelu amezoea. Mwezi wa kwanza Mama alikuwa akianza "Mbuyi..." na mimi nakaa kimya siitiki, naangalia pembeni, mpaka aache. Hiyo ilikuwa ngumu, sitaki kuieleza. Siku hizi ananiita tata, kama unavyomwita baba au mzee wa watu. Usishtuke, wamama wengi huwaita wana wao tata, ni mapenzi.

Kuna kajambo kadogo tu. Kila asubuhi Mama anatengeneza chai, na anaweka vikombe viwili sawa sawa, vya wana wawili, kama zamani. Anavitia vyote viwili sukari kipimo kimoja. Kisha anakiangalia cha pili. "Hii kopo ni ya nani?" ananiuliza. Ninasema ni ya mgeni. Haamini. Anakwenda kufungua mlango, anavuta kiti, anakaa akiutazama mchana kutwa, baridi ikiingia. "Kuna mutu hayafika," anasema. Nikimuuliza nani, anatafuta, midomo inatembea, halafu machozi yanamtoka na hajui anamlilia nani. Nikificha kikombe anachukua bakuli. Mbelu hataki tena kunywa chai nyumbani.

Kufagia bado anakusikia. Anasema sasa wako karibu kumaliza.

Hukunijibu lile swali. Kilichofagiwa kinarudi au hakirudi?

Polycarpe


Johannesburg, 16 Juni 2024

Yaya,

Nawasalimu wote. Leo sina habari za Tania wala za sufuria, nisamehe.

Nimekukasirikia mpaka nimetupa kalamu mara mbili. Halafu nimejikasirikia mimi, kwa sababu ulijifunza kwangu kulificha jina. Barua yangu ya kwanza sikulitaja jina lake kwa woga. Haikuwa elimu. Niliona nikiliandika litakuwa kweli. Basi acha niliandike: Kabanga. Kabanga kaka yangu aliyenifundisha kuendesha baiskeli akaniachia nigonge ukuta wa shule. Kabanga amekufa.

Nisikilize vizuri. Mambo hayakai mahali pamoja kichwani. Jina lina makutano yake. Mikono inayopanga vikombe ina njia nyingine, ya mazoea, nayo wafagiaji huichelewa sana. Hofu na mapenzi vina mahali pake tena. Umemwondolea Mama jina ukamwachia kidonda. Zamani alilia asubuhi akijua analia nini, sasa analia kutwa bila kujua. Yaya, hiyo si nafuu.

Na kuna jambo linaloniogopesha zaidi ya hilo. Umesema anakuita tata. Mama yetu hajawahi kukuita tata. Ulikaa kimya mwezi mzima mbele ya mama yako akikuita kwa jina pekee analokujua nalo. Unadhani wafagiaji walikuwa wanaifagia njia ya nani? Kabanga alikuwa na machozi ya kila siku ya kumlinda, na maumivu huyakaza makutano kama waya. Wewe ulikuwa na nini?

Umeniuliza mara mbili nami nikakwepa. Kilichofagiwa hakirudi. Hilo ndilo jibu, na ndiyo maana sikuliandika. Lakini zile seli za nyota zinaweza kusaidia kipya kiunganike karibu na palipokuwa na cha zamani, hata kwa mzee, kwa uvivu, kama unarudia na kurudia. Kwa hiyo rudisha picha ukutani. Mwambie ukweli. Mtajie majina yote mawili kwa pumzi moja, kila siku, na uitike. Usingoje mpaka nije Desemba.

Stéphanie


Johannesburg, 28 Julai 2024

Yaya Polycarpe,

Nakusalimu tena, na Mama, na Mbelu. Wiki sita sijapata hata mstari. Masudi amepita hapa jana. Anasema barua yangu alikupa mkononi, ukaisoma mlangoni, ukaikunja, na hukumkaribisha ndani. Anasema Mama alikuwa kwenye kiti chake mbele ya mlango, adhuhuri, akamuuliza kama yeye ndiye mwenye kikombe. Masudi ni mtu wa safari, amelala porini, amevuka mito usiku, na ananiambia hatapita tena nyumba ile bila kusoma dua.

Nimepiga simu mara nne. Ninajua unaiona ikiita.

Nijibu tu kama anakujua.

Mdogo wako


Kolwezi, 1 Septemba 2024

Stéphanie, mdogo wangu,

Salamu. Tuko hai wote. Joto limerudi, vumbi la malori limepaka hata majani ya muhogo. Mbelu ana mimba ya miezi mitatu, hilo nimelificha kwa sababu nilitaka kukuambia kwa furaha, na sikuwa nayo. Sikuandika kwa sababu barua yako ilisema kweli na nilihitaji muda wa kuichukia.

Wiki mbili zilizopita, Jumapili, tulirudi misani na nikaitundika picha ukutani. Mama alikuwa ameweka chai. Nilikaa mbele ya kikombe cha pili. Nikamwambia, "Mama, hii kopo ni ya Kabanga. Mutoto yako. Alikufa mu shimo, udongo ulimufunika. Na mi ni Mbuyi. Mbuyi-Kabanga, Mama. Batoto yako ba mapasa."

 Aliinamisha kichwa upande kama anavyofanya akiwasikiliza wale watu wake. Kisha akasema, taratibu, "Kabanga." Akasema tena. Uso wake ulirudi, Stéphanie, uso wa Mama yetu hasa. Akapiga yowe ambalo jirani wote walilisikia, akajifunga kikwembe kiunoni, akalia kama inavyoliliwa. Majirani walikuja wakakaa naye chini. Ule ulikuwa msiba wetu, miezi tisa baadaye. Nilimlilia pacha wangu kwa mara ya kwanza, maana siku zile zote nilikuwa na kazi ya kutangaza kifo chake.

Na jina halikutoka tena. Kesho yake aliamka akijua. Nilisubiri saa sita mchana, akawa bado anajua. Nimehesabu siku kumi na tatu. Anasema "marehemu Kabanga" na anamwombea. Mlango ameufunga mwenyewe. Kikombe ni kimoja. Kufagia hasikii, anasema wale watu bamekwenda.

Umeniuliza kama ananijua. Kila asubuhi ninasimama mbele yake nasema majina yote mawili kwa pumzi moja, kama ulivyoniagiza, na naitika mwenyewe. La kwanza, langu, linapita kama gari la watu wengine. Kwenye picha anaweka kidole juu ya Kabanga bila kukosea, sisi ambao hata padri alituchanganya miaka ishirini. Halafu anahamisha kidole. "Na huyu, ni mwenzake wa masomo?"

Nimeendelea. Nitaendelea, umesema zile nyota ni za uvivu. Lakini jana, baada ya chai, alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kwa adabu, kama unavyomshika mtu aliyekufanyia jambo kubwa na wewe huna cha kumlipa.

"Aksanti sana, tata," akaniambia. "Bengine bote balinificha. Ni weye tu ulikuya kuniambia habari ya mutoto yangu." Akanitazama usoni, akanihurumia, sijui aliona nini. "Na weye, mama yako eko muzima?"

Nikamwambia, "Eko muzima, Mama."

"Umusalimie," akasema.

Yaya wako,
Polycarpe